Dau la Mwindo na Karata za Slay the Spire

Wahakiki wetu huipuuza michezo ya kompyuta kana kwamba haina fani. Slay the Spire, mchezo wa karata wa mtu mmoja uliokamilishwa mwaka 2019 na kampuni ya Mega Crit ya Seattle, unastahili kuhakikiwa. Mchezaji hupanda mnara akiwa na karata chache dhaifu (shujaa wa kwanza anazo 10), huongezewa nyingine kila ashindapo pambano, na akifa hupoteza zote. Kifani, kazi hii imefaulu: nia ya adui huonyeshwa kabla hajapiga, na mchezaji stadi huzitupa karata badala ya kuzilimbikiza.

Udhaifu umo katika maudhui. Kwa msomaji wa Lushebere, huko Masisi, kielelezo cha kulinganishia kiko jirani, kwa Wanyanga wa Walikale: utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Biebuyck na Mateene mwaka 1969. Kuzimuni Mwindo anacheza kamari ya mbegu, iitwayo «wiki» kwa Kinyanga, na mungu Sheburungu. Anapoteza mali, watu, hata kijiji. Ndipo anapoweka dau la mwisho, usinga aliozaliwa nao mkononi, na kuvikomboa vyote. Anamtafuta babaye aliyemkimbia. Hadhira inajua ni nani watakaopotea asiposhinda. Mnarani hakuna anayemngojea shujaa. Akifa, Neow, kiumbe mfano wa nyangumi, humfufua, na hasara yote ni ya mchezaji: usingizi wake.