Sunburst Hawakupotea

Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa kazi za Sunburst, bendi ya Dar es Salaam, ikauita Ave Africa: The Complete Recordings 1973–1976. Mimi nimeupata kwa kuchelewa sana, mvua hizi za masika, nikiwa nyumbani kwa mjomba wangu Lushoto kuandika tasnifu ya uzamili. Umeme ulikuwa umekatika na ukungu wa Magamba umeshuka mpaka barazani. Niliuweka kwenye simu bila kutarajia makubwa. Dakika chache baadaye nilirudisha nyuma, nikadhani nimefungua kitu kingine: gitaa linakwaruza kama mashine ya kukoboa, kinanda kinalia juu yake, na chini kabisa mdundo ambao mtu aliyezoea ngoma za harusi za kwetu hawezi kuukosea.

Kizazi chetu kimefundishwa muziki wa miaka ya 1970 kwa neno moja: zilipendwa. Redio inapiga NUTA Jazz, Western Jazz, Mbaraka Mwinshehe, tunatingisha kichwa, basi. Roki tumeiweka kapu la Wazungu. Ndiyo maana Sunburst wanasumbua. Walichanganya roki, soul, midundo ya asili na ladha za Karibi, wakaimba Kiswahili na Kiingereza. Hata hivyo mchanganyiko huo wakaupa jina, Kitoto, kama NUTA walivyokuwa na Msondo na Western Jazz na Saboso. Hilo jina kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko gitaa lenyewe. Bendi inayotangaza mtindo wake haijioni mgeni. Inajiona imesimama kwenye foleni ileile ya wanadansi, ila imevaa suruali pana zaidi.

Suruali hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana, kampeni dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kwa jina la utamaduni wa taifa. Muziki wa soul nao ulitazamwa kwa jicho hilohilo. Kupiga roki Dar miaka michache baadaye ilikuwa kujibu swali gumu: Uafrika ni nini, na nani anaupima? Sunburst walijibu kwa sauti. Sikiliza “Enzi za Utumwani”, kisha uniambie kama gitaa la umeme linawazuia kuzungumza historia ya pwani hii. Sauti ya James Mpungo haiombi ruhusa, na gitaa la Hembi Flory Kongo halimpambi, linabishana naye.

Uzuri wa kuwa na rekodi zote pamoja ni kwamba unasikia safari. Zile za mwanzo ni za vijana wanaojaribu mambo mengi kwa mara moja. Albamu ya 1976, Ave Africa, ni ya watu wanaojua wanachoacha nje. Waliirekodi Lusaka, na hilo si jambo dogo: Zambia wakati huo roki ilikuwa muziki wa vijana waziwazi, na bendi kama WITCH zilikuwa na wasikilizaji wao. Huku kwetu studio kubwa ilikuwa ya Radio Tanzania, na santuri zilipelekwa Nairobi kuchapwa. Bendi isiyo na kapu redioni ilikuwa rahisi kuangukia pembeni.

Sitasema kila wimbo ni dhahabu. Neno “zote” lina kasoro yake: yamo majaribio ambayo bendi yenyewe, ingeulizwa, huenda ingeyaacha kabatini. Nyimbo za Kiingereza zinazohimiza amani na umoja, kama “Let's Live Together”, zina mdundo mzuri kuliko hoja. Kiswahili kinapoingia, maneno yanapata meno. Kinachonikera zaidi ni ile sifa inayozifuata bendi za namna hii kila mkusanyiko unapotoka: bendi iliyopotea.

Jioni ile mjomba alikuwa akichambua maharage. Wimbo wa tatu au wa nne akaacha, akauliza, “Hao si Sunburst?” Nilishangaa. Nikamweleza kwamba walikuwa wamepotea, sasa wamepatikana. Akacheka. “Walipotelea wapi? Mimi nimewacheza Dar nikiwa kijana. Nyie hamkuuliza.”

Nimeishi na mjomba huyu likizo nyingi. Namjua kwa kabichi zake, kwa kwaya ya kanisani, kwa ubishi wake na makondakta wa Mombo. Sikuwahi kumuuliza alicheza muziki gani akiwa na umri wangu; nilidhani jibu ninalo. Ilibidi watu wa London waupange ujana wake kwenye diski mbili ndipo niketi kumsikiliza.

Kwa hiyo mkusanyiko huu nausifu, na ninausifu kwa sauti kubwa. Utafute, uanze na zile za Kiswahili. Ila usiusikilize peke yako. Mkaribishe mtu aliyekuwa kijana mwaka 1973, mpe kiti, kisha punguza sauti anapoanza kuzungumza. Mjomba alizungumza mpaka chaji ya simu ikaisha. Kitabuni, ramani au diski, hakuna nilipokuwa nimeyaona aliyonieleza, na bado ana mengi.