Saa, Mahali na Kiasi cha Shaka

Maandishi ninayotaka kuyahakiki leo hayana jalada, hayana mchapishaji, na waandishi wake hawatafuti jina. Ni mstari mmoja wa tarakimu na herufi chache. Huandikwa na wapenda anga wa kawaida, watu wenye kazi zao za mchana, ambao usiku huweka kamera kwenye stendi na kupiga picha setilaiti na mabaki ya roketi yakipita. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya vifaa, fasihi inaingiaje? Mimi naona ni utanzu kamili, na una deni la kutudai sisi tunaoandika kwa Kiswahili, hasa huku Sikonge.

Hebu tuanze na jinsi mstari wenyewe unavyozaliwa. Jua likishazama, sisi tuko gizani, lakini chombo kilichoko kilomita 500 juu bado kinapigwa na jua, kwa hiyo kinang'aa. Kamera inaachwa wazi kwa sekunde kadhaa. Nyota zinatokea kama nukta, chombo kinatokea kama mchoro mwembamba. Mfuatiliaji anapima ncha za mchoro ule kwa kuzilinganisha na nyota ambazo mahali pake panajulikana, kisha anaandika: namba ya chombo, namba ya kituo chake, tarehe, saa hadi sehemu ya sekunde, mahali angani. Picha yenyewe mara nyingi haina mvuto wowote. Huwezi kuiweka kwenye kalenda.

Lakini kwenye mstari huo kuna nafasi nyingine ambazo mhakiki hawezi kuzipita hivihivi. Kuna herufi moja ya hali ya anga, inayosema usiku ulikuwa mzuri, wa wastani au mbaya. Halafu kuna nafasi za shaka: mwandishi analazimika kutaja saa yake inaweza kuwa imekosea kwa kiasi gani, na kipimo chake cha mahali kwa kiasi gani. Niambie ni nathari gani nyingine inayomdai mwandishi hivyo. Riwaya haidai. Shajara haidai. Habari ya gazeti, ambayo ndiyo kazi inayonilisha, haidai kabisa. Sisi tuna "inadaiwa" na "inasemekana", maneno yanayoificha shaka badala ya kuipima.

Na shaka hiyo si mapambo. Chombo kilicho karibu na dunia hukimbia kama kilomita saba na nusu kwa sekunde moja. Ukikosea saa kwa sekunde 10 tu, umekosea umbali wa Sikonge hadi Tabora mjini. Ukikosea dakika nzima, umeshaipita Dodoma.

Kosa la saa kugeuka kosa la mahali si jambo geni kwenye njia hii ya misafara. David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, akisubiri wapagazi na mahitaji, kisha akashika njia ya kusini kupitia Ugunda. Shajara zake za mwisho, zilizochapishwa 1874, zina sifa moja ninayoipenda: mwandishi anatazama juu na chini pia. Ukurasa huohuo unaweza kuwa na hali ya hewa, maradhi, watu na kipimo. Lakini miaka mitano kabla ya Kwihara, Januari 1867, mpagazi aliyebeba saa zake za kupimia alianguka njiani. Saa zikatikisika, na vipimo vya longitudo vilivyofuata vikaenda mrama. Ramani nzima ikasogea kwa sababu mguu wa mtu mmoja uliteleza.

Huyo mpagazi alikuwa na la kusema, lakini hakuandika. Hapo ndipo ninapokwaruzana na vitabu vile. Vifaa vya kusomea anga vilipita nchi hii vikiwa vichwani na mabegani mwa watu wetu, lakini usomaji ulibaki kwa mwenye vifaa. Livingstone alipofariki mwaka 1873, akina Chuma na Susi waliubeba mwili wake hadi pwani. Walipofika Unyanyembe walimkuta Mwingereza Verney Lovett Cameron, naye akachukua baadhi ya vifaa vya marehemu kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Wao wakaendelea na maiti na makaratasi.

Upande wa pili tunaye Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye baba yake aliishi Tabora na kuoa kwa mtemi Fundikira. Tawasifu yake ni ya Kiswahili, tena Kiswahili kitamu: watu wanabishana, wanadai, wanatishana, na umbali ni siku za kutembea. Kama Livingstone anakuambia alikuwa wapi, Tippu Tip anakuambia alikuwa na nani na nani alikuwa na deni la nani. Kipimo si kazi yake. Basi tukarithi mgawanyo huo: masimulizi kwetu, vipimo kwao.

Mgawanyo huo ulijionyesha tena tarehe 30 Desemba 2024, pale pete ya chuma ilipoanguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya, mnamo saa tisa alasiri. Shirika la Anga la Kenya lilitaja kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, likasema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Habari nyingi nilizozisoma siku zile zilikuwa ni Tippu Tip mtupu: hofu ya wanakijiji, kishindo, nani atalipa. Si vibaya, hiyo ni kazi yetu. Ila ilitoka upande gani wa anga? Mlio ulisikika muda gani kabla ya kishindo? Saa kamili ilikuwa ngapi, na kwa saa ya nani? Aliyejitokeza kuuliza maswali ya aina hiyo hadharani alikuwa Marco Langbroek, mfuatiliaji wa setilaiti aliyeko Uholanzi. Alipitia kumbukumbu za mizingo, akataja sehemu ya roketi ya Ariane iliyorushwa mwaka 2008 kuwa inawezekana ndiyo. Inawezekana, alisema. Wapo wataalamu waliobaki na shaka.

Kwa nini mpenda fasihi ajali? Kwa sababu bila jina la chombo hakuna mwenye chombo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaibebesha nchi iliyorusha chombo dhamana ya madhara yanayotokea ardhini, lakini lazima kwanza ujulikane mrushaji ni nani. Setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954 ilipomwaga mabaki yenye mionzi kaskazini mwa Canada mwaka 1978, mwenyewe alijulikana, na mwaka 1981 Canada ikalipwa dola milioni tatu. Mwanakijiji asiye na mstari ulioandikwa vizuri ana hadithi tu, na hadithi haipokelewi kama ushahidi.

Tena kuna vyombo ambavyo Mholanzi, hata awe hodari vipi, hawezi kuvipiga picha vikishuka karibu na dunia. Roketi zinazorushwa kuelekea mashariki kutoka Kourou, karibu na ikweta, huacha mabaki yanayozunguka karibu na ikweta. Vikiwa chini, upeo wa Ulaya hauvioni. Unaviona upeo wa Makueni, na wa Sikonge. Hata Kiswahili kilishapanda huko juu: setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina Uhuru. Jina lilikuwa letu. Kumbukumbu za kilichoonwa zikaandikwa kwa lugha nyingine.

Hata hivyo nisiusifie mno utanzu huu. Mstari wa mfuatiliaji ni bahili kupita kiasi. Mtu amegeuzwa namba ya kituo. Hujui kama alikuwa peke yake, kama mbwa walibweka, kama moshi wa mabani ya tumbaku ulilala chini jioni ile au moto wa msituni ulikuwa umeliziba anga lote la magharibi. Herufi moja ya "mbaya" inameza yote hayo. Livingstone, pamoja na kasoro zake, asingekubali ubahili huo, na Tippu Tip angeucheka.

Ndiyo maana nangoja maandishi ambayo sijayasoma bado, yatakayoshona vipande hivi viwili. Mrina asali wa Ipole anayelala kambini msituni anaziona nyota zinazotembea kuliko mimi ninayeandika chini ya taa. Dirisha lake si pana: huku kwetu giza huingia haraka, na chombo cha kilomita 500 kinachopita utosini humezwa na kivuli cha dunia kama saa moja na nusu baada ya jua kuzama. Masika mawingu hufunga, na mwishoni mwa kiangazi moshi hutawala. Lakini simu nyingi za sasa zinaweza kunasa mchoro wa setilaiti angavu zikiegemezwa vizuri. Akiandika saa kwa sekunde, mahali aliposimama, ilikotoka na ilikoelekea, na hapohapo akaandika nani alikuwa naye na walibishana nini kuhusu kile walichokiona, atakuwa ameandika kitu ambacho njia hii ya misafara haijawahi kukipata kwa Kiswahili. Asisahau tu ile nafasi ya mwisho: saa yangu inaweza kuwa imekosea kwa kiasi hiki.