Kijiko cha Wanga Kilichoiharibu Shira

Katika onyesho la upishi la Jumamosi iliyopita, ambalo nina yakini kwamba wasomaji wengi wa safu hii walilitazama tangu bismillahi hadi tamati, palitendeka jambo moja ambalo, nikilipima kwa mizani yoyote ya jikoni niijuayo, silioni udhuru wake: mpishi wetu, akiwa amekwisha kuipika siki ya balsamiki hadi kuifikisha katika daraja ile ile anayoitafuta kila apikaye shira ya namna hii, na akiwa hakubakiwa na kazi ila kuuzima moto na kungoja, alikoroga kijiko cha wanga wa mahindi katika maji baridi, akaumimina wote sufuriani. Nasema mapema, ili nisidhaniwe kuwa nazunguka mbuyu, kwamba shira iliharibika pale pale, na kwamba kile kilichomwagwa baadaye juu ya nyanya na jibini, kwa madaha yote tuliyoyaona, hakikustahili jina lililoandikwa chini ya picha.

Yaliyotangulia hayana dosari: sufuria pana ya chuma kisichoshika kutu, moto mdogo, madirisha wazi, na siki ya Modena ya bei ya kawaida, si ile ya thamani ambayo kuipika ni israfu.

Sasa tuitazame dakika yenyewe. Siki iliyoingia sufuriani ilikuwa nusu lita. Kamera, ambayo kwa mara moja ilikuwa na adabu ya kutulia, ilituonyesha ukutani mwa sufuria ule mstari wa kahawia unaoachwa na siki inapopungua, na mwenye macho aliweza kukadiria mwenyewe, tangu mstari wa juu hadi uso wa siki iliyosalia, kwamba thuluthi mbili zilikwisha kwenda na mvuke. Viputo navyo vilitoa ushahidi huo huo: mwanzo vilikuwa vidogo, vya haraka, vyenye kupasuka kabla havijaonekana vyema, na ilipofika dakika ya 20 vilikuwa vikubwa na vizito, vikipanda kimoja baada ya kingine na kuuacha uso wa shira unang'aa. Alipopitisha mwiko chini ya sufuria, njia ilifunguka, ikakaa kitambo, kisha ikajifunga taratibu. Fundi aliyelelewa katika kazi hii angetosheka na dalili moja kati ya hizo. Yeye alizipata zote, lakini aliuinua mwiko, akaiona shira ikichuruzika upesi kuliko alivyotamani, akakunja uso, akatuarifu kuwa bado ni nyepesi, na mkono wake ukaelekea kwenye mkebe wa wanga.

Kosa lake, basi, lilikuwa la hukumu kabla ya kuwa la mkono, kwa kuwa aliihukumu shira iliyo motoni kwa sifa za shira iliyopoa. Kimiminika chenye sukari nyingi hulegea kikiwa na moto na kukaza kikipoa, na siki ya balsamiki, ambayo asili yake ni maji ya zabibu, ina sukari ya kutosha kuifuata kanuni hiyo bila ya msaada wa mtu. Ile iliyoonekana ikichuruzika mwikoni katika joto la kuchemka ingekuwa, baada ya kukaa mezani ikapoa, nzito kiasi cha asali, na lau angeendelea kuipika mpaka iwe na uzito wa asali ingali motoni, ingepoa ikawa gundi isiyotoka chupani. Mabibi waliokuwa wakipika kaimati katika nyumba za Mji Mkongwe, ambao kipimajoto hawakukijua wala hawakukihitaji, walilifahamu jambo hili kuliko mabingwa wetu wa runinga: walidondosha tone la shira juu ya kisahani, wakalingoja, wakaligusa kwa kidole na kukivuta juu waone kama uzi umeshika, na hukumu yao ilitoka katika kisahani, haikutoka katika sufuria. Kwa balsamiki uzi si lazima. Yatosha kupitisha ncha ya kidole katikati ya tone lililopoa, na njia ikibaki wazi, moto uzimwe bila ya mashauri zaidi. Mpishi wetu alikuwa na visahani tele mezani, vimepangwa kwa ajili ya pambo, wala hakukigusa hata kimoja.

Kisha liko jambo la maji, ambalo sijamsikia mtu akilitaja, ingawa lilitendeka mbele ya macho yetu sote. Wanga haumiminwi ukiwa mkavu, maana utafanya madonge. Hukorogwa kwanza katika maji, na mwenzetu, aliyekuwa ametumia dakika 20 nzima na gesi ya wenyewe kuyafukuza maji katika siki, aliyarudisha kwa hiari yake kwa mkupuo mmoja, mfano wa baharia aliyeshinda akifua maji ngamani, kisha, bandari ikiwa imekwisha kuonekana, akateka ya baharini akayamimina chomboni. Ladha iliyokuwa imekusanyika ikazimuliwa, na uzito ambao ungekuja wenyewe kwa subira ukatafutwa kwa unga.

Na unga huo haukuwa na nguvu ya kuuleta. Chembe za wanga wa mahindi huvimba kwa kunywa maji zinapofikia joto la nyuzi 62 hadi 72 hivi. Lakini katika shira sukari imekwisha kuyashika maji mengi, kwa hiyo chembe hazipati shibe yake, na ubichi wa unga hubaki ulimini. Juu ya hayo, asidi ikishirikiana na moto huukata wanga vipande vipande, hata kile kilichokaza kwa dakika moja hulegea tena kikiendelea kuchemka, na kikilala katika jokofu hutenga maji pembezoni. Haya yote mtu aweza kuyavumilia ikiwa ana njaa. Lisilovumilika ni kupotea kwa mng'aro, maana shira safi ya balsamiki ina weusi unaopitisha mwanga ukingoni mwake, penye wembamba, ikaonekana nyekundu ya kahawia, na ile ya Jumamosi, tangu wanga ulipoingia, ilifunga ukungu ambao taa zote za studio hazikuweza kuuondoa. Wenye rekodi ya onyesho wailinganishe picha ya kabla na picha ya baada, halafu waniambie kama nimetia chumvi.

Nitajibiwa, kama nijibiwavyo kila niandikapo habari hizi, kwamba wanga si adui wa mtu, na kwamba halua yetu, ya Unguja na Pemba na ile ya Muskati, haina msingi mwingine. Ni kweli, na kweli hiyo yanisaidia mimi. Katika halua wanga ndio mwili wenyewe: husongwa kwa muda mrefu pamoja na sukari, samli, iliki na zafarani, mpaka upoteze ubichi wake wote, na mlaji ajua tangu tonge la kwanza kwamba anakula wanga uliotukuzwa na fundi. Katika shira ya balsamiki wanga ni shahidi wa uongo, aliyeletwa kuapa juu ya uzito ambao siki yenyewe, ikipewa nafasi ya kupoa, ingeuthibitisha bila ya kuapishwa.

Desturi hii imetufikia kutoka katika zile chupa za plastiki za kubinya, ambazo utazikuta kuanzia Malindi na Watamu, walikolowea Waitaliano wengi, mpaka katika maduka makubwa ya Dar es Salaam. Msomaji akiigeuza chupa na kusoma maandishi madogo, aghalabu atakuta humo, pamoja na siki na maji ya zabibu, wanga uliobadilishwa kiwandani au gundi ya namna nyingine ya kukazia. Kiwanda kina sababu zake, kwa kuwa chataka kila chupa iwe na uzito ule ule, na mstari uliochorwa sahanini usitandae kabla mteja hajapiga picha. Mpishi wa nyumbani hahitaji hata moja katika hayo, isipokuwa naye ameshikwa na maradhi ya kuchora mistari ya kwenda na kurudi juu ya sahani nyeupe, maradhi ambayo nimeyalalamikia katika safu hii hata mhariri amechoka, na ambayo nitaendelea kuyalalamikia mpaka mmoja wetu astaafu.

Hebu waangalieni waliotutangulia. Warumi, kwa mujibu wa Plinius, waliyapika maji ya zabibu mpaka ikabaki nusu wakayaita defrutum, au mpaka ikabaki thuluthi wakayaita sapa, na uzito wote ulikuwa umetoka kwa moto. (Walipendelea kuyapikia katika vyombo vya risasi, jambo lililowatia sumu, na kwa kuwa nimegusa vyombo, narudia, kwa wale wanaosema sichoki, kwamba sufuria ya alumini haifai kwa siki, kwani asidi huila madini na kuacha ladha ya chuma kinywani.) Francesco Aggazzotti, mwenyeji wa Modena, alipoeleza mwaka 1862, katika barua kwa rafiki yake Pio Fabriani, jinsi siki ya jamaa yake ilivyotengenezwa, aliyasimamisha maelezo yote juu ya maji ya zabibu yaliyopikwa, na warithi wa kazi hiyo katika Modena na Reggio Emilia, ambao siki yao ya jadi ilipata ulinzi wa jina lake Ulaya mwaka 2000, hawana ruhusa hata leo ya kutia kitu cha kukazia. Huyapika maji ya zabibu za Trebbiano na Lambrusco katika masufuria yaliyo wazi, kisha huyapandisha darini, katika safu ya mapipa yanayopungua ukubwa moja baada ya jingine, ya mwaloni, mforsadi na mbao nyinginezo, ambako joto la kiangazi huivukiza siki kidogo kidogo kwa muda usiopungua miaka 12, na anayetaka kuiuza kwa jina la extravecchio hungoja 25. Dari ile ni jiko la moto mdogo kupita kiasi. Sisi twaifanya kazi hiyo ya kuvukiza kwa dakika 20, na bado kuna anayeona kuwa amecheleweshwa.

Sidai kwamba siki ya dukani itageuka ya jadi kwa kupikwa. Hiyo tunayoinunua, iliyopewa ulinzi wake mwaka 2009, huweza kuuzwa baada ya siku 60 tu za kukaa katika mbao, imechanganywa na siki ya mvinyo, na imeruhusiwa kutiwa rangi ya sukari iliyounguzwa isiyozidi asilimia 2. Ni bidhaa ya hali ya kati, nayo yapaswa kupikwa kwa insafu, kwa kupewa kile inachoweza kukitoa. Hapo ndipo ninapotofautiana pia na wale wenye kuamini kwamba kuchemsha kunaondoa ukali: sehemu ya asidi huenda na mvuke, ndiyo inayotuchoma macho, lakini maji hutangulia kwa wingi zaidi, hivyo shira iliyokwisha ina asidi zaidi kwa kila kijiko kuliko siki ilivyoanza, na kinachotudanganya ulimi ni sukari ambayo nayo imezidi. Mwenye siki nyembamba, kali, isiyo na utamu, akitia kijiko cha sukari au asali mwanzoni, sitamlaumu.

Kuna waliomtetea mpishi wetu kwa kusema kuwa saa ilimbana. Saa nawaachia watayarishaji, wale wale waliotupa biriani ya nusu saa mwezi wa Ramadhani na kutaka tuipigie makofi; lakini katika kadhia hii utetezi huo hauna miguu, maana shira ilikuwa tayari, na kuzima moto hakuchukui muda mrefu kuliko kufungua mkebe. Onyesho hilo, kwa kawaida yao, litarudiwa. Nawaomba wasilirudishe lilivyo, bali wampe mpishi yule yule, ambaye mkono wake katika mambo mengine ni mzuri, nafasi ya kuipika upya mbele yetu, akiwa na kisahani kilichotiwa katika jokofu kabla ya moto kuwashwa. Na ninyi mtakaoijaribu nyumbani Jumamosi hii, msimfuate: pikeni nusu lita kwa moto mdogo, muuzime ikibaki thuluthi na tone la kisahani likiwa limeshika, kisha muiache sufuria mezani mpaka ipoe, hata kama machoni penu bado yaonekana nyepesi.