Visasili na Gitaa la Umeme: Swali Lililoulizwa Mikocheni

Hivi karibuni, katika semina ya vijana iliyofanyika Mikocheni, tuliulizwa swali ambalo halikuwamo katika ratiba. Je, kijana Mkristo aweza kutunga albamu nzima juu ya visasili vya mababu zake, tena kwa muziki wa metali, wenye magitaa ya umeme yanayovuma na mwimbaji anayenguruma badala ya kuimba? Mwulizaji alitaja mfano wake: albamu ya kundi la Amorphis la Ufini, Tales from the Thousand Lakes. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kutazama picha ya jalada. Tumeisikiliza albamu hiyo mara nyingi, na tunayo ya kusema.

Ilirekodiwa mwaka 1993 katika Sunlight Studio mjini Stockholm, chini ya fundi Tomas Skogsberg, ikatolewa mwaka 1994 na Relapse Records ya Marekani. Wanamuziki wenyewe walikuwa vijana wa miaka ishirini hivi. Kabla ya hapo walikuwa wamepiga muziki wa kifo na maangamizi kama wenzao wengi. Safari hii waliifungua Kalevala, utenzi mkuu wa taifa lao, wakachota humo maneno ya nyimbo zao. Lakini hawakuimba kwa Kifini; walitumia tafsiri ya Kiingereza. Basi ile sauti ya mababu ilikwisha kupita mikono kadhaa kabla ya kufika kwenye kipaza sauti.

Na mikono hiyo ilikuwa ya nani? Hapa ndipo watu wa chuo cha Kilutheri wanapaswa kutega sikio. Mtu wa kwanza kuyaandika majina ya miungu ya Wafini kwa utaratibu alikuwa Mikael Agricola, mwanamatengenezo wa kanisa lao, na aliyaandika katika dibaji ya Zaburi alizozitoa mwaka 1551. Alikusudia kuwakemea waliokuwa wakiiabudu miungu hiyo, lakini karipio lake ndilo lililoyahifadhi majina yao. Karne tatu baadaye, daktari Elias Lönnrot alitembea kwa miguu vijijini akikusanya tungo za wazee. Toleo kamili alilolitoa mwaka 1849 lina nyimbo 50 na mistari 22,795. Lönnrot huyo huyo alifanya kazi kwa miaka mingi katika matengenezo ya kitabu cha nyimbo cha kanisa. Asemaye kwamba albamu hii imeufufua upagani ulioruka ukuta wa kanisa hajui kwamba ulihifadhiwa ndani ya ukuta huo.

Tukija kwenye muziki wenyewe, nguvu ya albamu haimo katika uchawi na vita, ingawa vimo. Imo katika huzuni ya wanawake. “Black Winter Day” yatokana na maombolezo ya bibi arusi anayeondolewa kwao. Kinanda chaanza peke yake, kisha magitaa yaingia taratibu kama baridi. “Drowned Maid” ni habari ya Aino, binti aliyeahidiwa na kaka yake kwa mzee Väinämöinen, akafa maji. Je, ni sawa uchungu wa binti kutolewa kwa ngurumo ya kijana wa kiume? Mwanzoni tuliona ni kichekesho. Lakini kadiri wimbo unavyoendelea, ngurumo ile yakoma kuwa vitisho, yawa kilio cha mtu aliyepungukiwa na maneno. Sisi tunaosoma Zaburi ya 88, ambayo yaishia gizani bila neno la faraja, hatuna haki ya kushangaa. Kasoro ni kwamba maneno hayasikiki. Msikilizaji asiye na karatasi ya maneno hataambulia hata jina la Aino, na kisasili kisichosikika ni mapambo tu.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Wimbo wa 50 wa Kalevala wasimulia juu ya bikira Marjatta, aliyepata mimba kwa kula tunda la porini, akafukuzwa, akajifungua zizini. Väinämöinen aliamua mtoto auawe. Mtoto akafumbua kinywa akamkemea. Akabatizwa kuwa mfalme, na mzee akaondoka na chombo chake akiiacha zeze yake. Albamu haina habari hiyo. Hatusemi hivyo kwa kuwa twataka mahubiri. Twasema kwa kuwa pale ndipo miungu ya kale inapokutana na hukumu yake, na mtunzi anayependa giza angepata pale giza lenye maana kuliko lote.

Turudi nyumbani. Muziki mkali wa namna hii umekwisha kufika kwetu: kundi la Duma la Nairobi lilitoa albamu yake mwaka 2020 kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wala visasili havikukosa wakusanyaji. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alichapa Volksbuch der Wadschagga mwaka 1914. Ilitoka kwa Kijerumani. Kalevala, kwa upande wake, ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Jan Knappert mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo kijana wa Mikocheni mwenye asili ya Uchagani aweza kuwasoma miungu ya Ufini kwa lugha yake, na hadithi za babu yake asiziweze bila kamusi. Hilo latuhusu sisi kabla ya kumhusu yeye.

Kama ataanza, na aanze na Mrile. Kijana yule alimlea mtoto aliyetokana na gimbi, mama yake akamwua. Akaketi juu ya kigoda cha baba yake, kikampandisha hadi kwa watu wa mwezini waliokula vibichi, akawafundisha moto, wakamlipa ng'ombe. Njiani kurudi, fahali alimbeba kwa sharti kwamba asile nyama yake. Wazazi walimchinja fahali, mama akamlisha mwanawe mafuta yake kwa siri, na ardhi ikammeza. Mtunzi atashawishika kuishia mwezini, penye moto na ng'ombe, maana huko gitaa hupenda kwenda. Lakini wimbo wenyewe umo katika lile bakuli la mama.