Mkono wa Mfinyanzi na Kauli ya Mzee: Alivyofanya Kazi Freda Nkirote M'Mbogori

Nchini Kenya mwanaakiolojia huhesabiwa kwa alichofukua. Kamoya Kimeu anakumbukwa kwa mabaki ya mvulana wa Turkana aliyoyaona mwaka 1984, naye James Kirkman kwa magofu ya Gedi aliyoanza kuyachimbua mwaka 1948. Kipimo hiki kina haki yake, ila kinaificha kazi isiyo na kitu kimoja cha kuwekwa ndani ya kabati la kioo. Freda Nkirote M'Mbogori, mwanaakiolojia mwenye majina ya Kimeru aliyefanya kazi katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kuongoza Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, ni mfano wa kazi ya namna hiyo. Alichoandika juu ya vyungu vya pwani, alichoandika juu ya visima vya Marsabit, na ulezi wa watafiti chipukizi ulio sehemu ya taasisi aliyoiongoza, vinaonekana kama mambo matatu yasiyojuana. Mimi naona ni jambo moja: kuuliza kitu kilifanywaje, na aliyekifanya alifundishwa na nani, kabla ya kuuliza kilikuwa cha kabila gani. Na swali hilo linafaa kuulizwa Githongo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru, mahali ambapo wengi wangesema hakuna cha akiolojia.

Tuanze na vyungu, kwa kuwa hapo ndipo mbinu inapoonekana wazi. Wataalamu wa pwani wamebishana kwa miongo kadhaa kuhusu vyungu vinavyoitwa Tana Ware, ambavyo hutambulika kwa pembetatu zilizochorwa kwa ncha kali shingoni na mabegani. Vimepatikana kuanzia pwani ya kaskazini hadi Msumbiji na Komoro, na ndani ya bara pia. Neville Chittick alivikuta Manda, Mark Horton akavikuta Shanga chini kabisa ya mji wa mawe, na George Abungu akavifuata kwenye bonde la mto Tana katika utafiti wake wa uzamivu wa mwaka 1989. Ubishi ulikuwa juu ya wafinyanzi wenyewe. Felix Chami wa Tanzania alishikilia kwamba vinatokana na wakulima wa Kibantu walioishi pwani tangu zamani zaidi. James de Vere Allen, na kwa kiasi fulani Horton, waliwapa wafugaji wa Kikushi nafasi kubwa. Huu haukuwa ugomvi wa vigae tu. Ndani yake kulikuwa na swali la Mswahili ni nani, na kila upande ulikuwa na nakshi zilezile mkononi ukizisoma kwa namna yake.

M'Mbogori, ambaye masomo yake ya uzamivu yalimpeleka Ufaransa, alilirudia suala hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 2015 kuhusu Tana Ware ya pwani ya Kenya kati ya karne ya 7 na ya 14. Hakutegemea pembetatu. Aliingia kwenye namna chungu kilivyofinyangwa, kwa hatua: udongo ulichaguliwaje, ukachanganywa na nini, mwili wa chungu ukainuliwa vipi, ukakwanguliwa au kupigwapigwa kwa kitu gani, ukachomwa wapi. Kila hatua huacha alama. Mfinyanzi anayesokota udongo kama kamba na kuupanga mzunguko juu ya mzunguko huacha maungio ambayo chungu kikivunjika hupasukia hapohapo. Anayelitoboa donge kwa ngumi na kuuvuta ukuta wake kwenda juu huacha vitundu vya hewa vilivyolala upande mwingine. Mwenye jicho lililozoea huyaona haya kwenye ukingo wa kigae, na penye shaka eksrei humsaidia. Lakini jicho hilo halizoezwi maktabani. Huzoezwa mbele ya wafinyanzi walio hai, kwa kutazama mkono unavyokwenda na alama unayoiacha, kisha kurudi kwenye kigae cha miaka elfu moja na kulinganisha.

Kwa nini ufinyanzi uaminiwe kuliko nakshi? Sababu iliyotolewa na Olivier Gosselain, aliyechunguza wafinyanzi wa Kameruni na nchi nyingine za Afrika, ni sababu ya malezi. Nakshi huonekana sokoni, na mnunuzi akiipenda, kila mfinyanzi ataiiga kabla ya mwezi kwisha. Namna ya kuuinua mwili wa chungu haionekani kwenye chungu kilichokamilika. Hufunzwa utotoni, na mama au shangazi, ikaingia mwilini mpaka mtu asiweze kueleza kwa nini anafanya hivyo. Kwa hiyo nakshi hutuambia nani alifanya biashara na nani, na mkono hutuambia nani alilelewa na nani. Vitu hivi viwili vikichanganywa, msafara wa wafanyabiashara hugeuka kuwa uhamaji wa taifa zima.

Kuna pingamizi la haki hapa. Wengi wameonya kwamba chungu si kabila, kwamba mwanamke akiolewa mbali huhama na mbinu zake, na kwamba akina mama wa lugha mbili tofauti wanaweza kuchota udongo bonde moja na kufinyanga vilevile. Onyo hili ni kweli, na anayelipuuza ataandika historia ya uongo. Ila ukilitazama vizuri, halipingi mbinu hii. Linaionyesha ilipo nguvu yake. Mbinu ya kusoma mkono haidai kutoa jina la kabila. Hutoa mtandao wa mafunzo, na mtandao wa mafunzo mara nyingi ni mtandao wa wanawake. Hilo ndilo ambalo masimulizi ya asili ya watu wetu yamekosa kulihifadhi.

Tazama historia ya Wameru wenyewe. Wazee waliozungumza na mwanahistoria Jeffrey Fadiman mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kama walivyosema waliowatangulia mbele ya mwanaanthropolojia Bernardo Bernardi, walisimulia kwamba mababu walitoka Mbwaa, kisiwani au kando ya maji makubwa, walikotumikishwa na Nguo Ntuune, watu wa nguo nyekundu, na kwamba walivuka maji usiku na kupanda taratibu hadi mlimani. Fadiman aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, na safari yenyewe na miaka iliyo karibu na 1700. Wanaisimu wana maelezo mengine: Kimeru ni ndugu wa Kikuyu, Kiembu na Kikamba, na udugu wa namna hiyo unaashiria kuishi pamoja bara kwa muda mrefu, si kuwasili jana kutoka pwani. Mara nyingi pande hizi mbili huwekwa mbele ya msomaji achague mmoja, ama wazee wamekosea au wanaisimu hawajui. Naona uchaguzi huo si wa lazima. Masimulizi ya Mbwaa yalitunzwa na wazee wa kiume, kwa mpangilio wa rika na koo za baba. Kundi dogo la wanaume waliotoka pwani, wakaoa kwa wenyeji wa mlimani, lingeacha kumbukumbu yake katika koo na lisiache chochote katika lugha ya watoto waliolelewa na mama zao, wala katika vyungu, kwa kuwa sehemu kubwa ya eneo hili ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake. Hivyo vigae vya Imenti au Tharaka, maeneo ya Wameru, vikionekana kuwa vya bara kwa kila hali, havitakuwa vimewakanusha wazee. Vitakuwa vimeleta ushahidi wa upande ambao haukuulizwa. Hii ni dhana, na inaweza kupimwa kwa mbinu ileile iliyotumika pwani.

Sasa visima. Mwaka 2022 M'Mbogori na wenzake, akiwemo Paul Lane, walichapisha utafiti kuhusu visima vya Wagabra katika Kaunti ya Marsabit, wakionyesha jinsi mabadiliko ya usimamizi wa maji yalivyokwenda sambamba na kudhoofika kwa uwezo wa wafugaji kuhimili ukame. Msomaji anaweza kudhani hapo ameacha akiolojia na kuhamia maendeleo. Sivyo. Kisima kilichochimbwa kwa mkono ni kama chungu: umbo lake ni sehemu ndogo ya kitu chenyewe. Kubwa ni taratibu za nani alikichimba, nani ana haki ya kunywesha kwanza, siku ya zamu ni ipi, na ni lini malisho ya jirani yapumzishwe kwa kukifunga. Kisima kirefu cha mashine hutoa maji mengi zaidi, lakini kinapoletwa bila taratibu hizo, watu na mifugo hukaa palepale mwaka mzima na nyasi zikaisha. Atakayehesabu lita peke yake ataona mafanikio. Aliyeuliza maji yaligawanywaje ataona kilichopotea. Hapa ustawi si pambo linaloongezwa mwisho wa ripoti ili kumridhisha mfadhili. Umo ndani ya kitu kinachochunguzwa.

Wapo watakaosema kwamba urithi si mwema wote, na kwamba anayeuhusisha na ustawi huyafumbia macho madhara ya mila. Meru yenyewe inatoa mfano mzito. Mwaka 1956 baraza la wazee, Njuri Ncheke, kwa msukumo wa serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji. Kwa upande wa afya, uamuzi ulikuwa sahihi bila shaka yoyote. Lakini mwanahistoria Lynn Thomas ameonyesha kilichofuata: wasichana walijikata wenyewe na kukatana, wakaitwa Ngaitana, yaani “nitajitahiri mwenyewe”, na katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Katazo lilitolewa na wanaume juu ya jambo ambalo mafunzo yake, heshima zake na mamlaka yake yalikuwa mikononi mwa wanawake, na hakuna aliyekaa na wanawake hao kujua jambo lilivyojengeka na lingeweza kufumuliwa vipi. Mila mbaya haitetewi kwa kuchunguzwa. Huondoka kwa uhakika zaidi pale inapojulikana imeshikizwa wapi. Mtafiti wa urithi asiyekubali kusema hivyo waziwazi hastahili kuaminiwa na mama yeyote wa Githongo.

Kuhusu ualimu nitasema machache, kwa sababu suala hilo linafuata lenyewe kutoka kwa yaliyotangulia. Taasisi aliyoiongoza M'Mbogori ilianza mwaka 1960, na kwa miaka mingi akiolojia ya eneo hili iligawanywa hivi: Mwafrika huchimba na kupepeta, mgeni huandika. Mgawanyo huo haukuwa dhuluma tu, ulikuwa pia kasoro ya kisayansi. Mbinu inayodai kusoma mkono wa mfinyanzi inahitaji mtafiti anayeweza kuketi na bibi wa Tharaka na kumwelewa anapotaja udongo wake, bila mkalimani wa kukata maneno. Kwa hiyo kuwafunza vijana wa hapa, kuwapeleka uwandani na kuwaachia waandike kwa majina yao, ni sehemu ya kupata ushahidi ulio sahihi.

Basi Githongo. Hapa hakuna msikiti wa mawe wala fuvu la kale. Kuna migongo ya vilima, mashamba ya majani chai yanayopelekwa kiwandani Githongo, migomba, na ardhi iliyogawanywa vipande vidogo. Pingamizi zito zaidi linatoka kwa mkulima: bei ya chai inapanda na kushuka, karo inasubiri, na kigae hakiliwi. Sina jibu la kumwahidi watalii, na ningemshauri asimwamini anayewaahidi. Jibu langu ni kwamba gharama ni ndogo mno ikilinganishwa na kinachopotea. Kigae kikiibuliwa na jembe, kinachotakiwa ni kuandika kilipatikana shamba gani, kwa kina gani na pamoja na nini, kazi ambayo mwanafunzi mwenye daftari na simu anaiweza. Na ustawi haupimwi kwa shilingi peke yake. Vigango viwili, nguzo za mbao za ukumbusho wa wafu, vilivyoibwa kwenye familia moja ya Wagiriama mwaka 1985 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, na familia hiyo ilikuwa imeyahusisha masaibu yake ya miaka hiyo yote na kuondolewa kwavyo. Hakuna hesabu ya biashara inayoeleza uchungu huo wala faraja ya kuvirudisha.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa, na kwa watu wa Imenti mlango wa karibu uko mjini Meru, katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni. Mwalimu wa historia Githongo asisubiri msafara kutoka Nairobi. Awatume wanafunzi wake kwa bibi zao kwanza, wawaulize chungu cha kupikia kilinunuliwa soko gani, kilifinyangwa na nani, naye alifundishwa na nani, waandike majibu kwa Kimeru, na nakala moja waipeleke Makumbusho ya Meru wakati walioviona vyungu hivyo vikifinyangwa bado wapo wa kujibu.