Mahadhi ya Kihindi, Shairi la Kiswahili: Malenga Alitunga Nini?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, hapa Kathiani bahari iko mbali. Aghalabu wanafunzi wangu hukutana na taarabu kwa mara ya kwanza darasani, tunapofikia utanzu wa nyimbo. Siku moja niliwasikilizisha wimbo wa Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Mwalimu, ikiwa sauti ni ya sinema za Kihindi, malenga huyu alitunga nini?" Nilimjibu kwa haraka kuwa huo ni uigaji tu. Aliondoka shuleni na jibu hilo. Lilikuwa jibu baya, na makala haya ni masahihisho yake.

Kwanza tuangalie chimbuko la mahadhi yenyewe. Nchini India muziki wa jadi hufunzwa ana kwa ana. Mwanafunzi huketi mbele ya guru kwa miaka mingi akirudia kwa sikio raga, yaani utaratibu wa kupandisha na kushusha sauti, na tala, yaani mzunguko wa mapigo. Waimbaji wetu wa Mombasa waliofuata mkondo huu waliyapata mahadhi yao zaidi katika sinema na santuri. Hata hivyo, sinema nayo ilikuwa na mafundi. Katika Baiju Bawra (1952), Naushad alitunga nyimbo kwa misingi ya raga, na mabingwa Amir Khan na D. V. Paluskar wakaimba. Aliyeisikiliza akiwa ng'ambo alionja kazi ya guru bila ya kuketi mbele yake.

Pili, tuangalie arudhi. Tala iitwayo tintal ina mapigo 16, na keherwa, inayosikika sana katika nyimbo za sinema, ina 8. Shairi letu la kawaida nalo lina mizani 16 katika mshororo: 8 za ukwapi na 8 za utao. Je, tuseme shairi lilitoka sinema? Hasha! Muyaka bin Haji wa Mvita alitunga mashairi ya namna hii kabla ya katikati ya karne ya 19, ilhali sinema ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara, ilitoka 1931. Isitoshe, pigo ni kipimo cha muda na mizani ni hesabu ya silabi. Mwimbaji aweza kuivuta silabi moja kwa mapigo manne, na mizani isiongezeke.

Hapo ndipo ilipo kazi ya malenga. Mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mahadhi yaliyotungiwa lugha nyingine hayaujui mkazo huo. Hana budi malenga kuchagua maneno ambayo vina, vituo na mkazo wake vitakubaliana na sauti asiyoweza kuibadilisha, na bado maana isipotee. Hiyo ni kazi ngumu kuliko uigaji. Tusisahau pia kuwa baadhi ya mashairi aliyoimba Juma Bhalo yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita (1971).

Nasi wa Ukambani tusione taarabu ni ajabu. Kanisani twaimba kwa Kikamba nyimbo ambazo mahadhi yake yalitoka Ulaya, na hakuna asemaye kuwa maneno yale si yetu.

Kwa hivyo, mtahiniwa, unapochambua wimbo, tenga mambo matatu: maneno, mahadhi na uwasilishaji. Taja kilichoazimwa, kisha uonyeshe kilichotungwa. Ukiishia kwenye kilichoazimwa, umejibu nusu ya swali, kama nilivyofanya mimi.

Zoezi: "Mahadhi ya kuazima hayaondoi ubunifu wa malenga." Jadili kwa kurejelea wimbo wowote unaoujua.