Kabila kwenye Pakiti

Tuanze na jina. Kampuni moja ya Uingereza, Wargames Foundry, inauza visanamu vya metali vya watu, kimo cha milimita 28 hivi, katika mfululizo unaoitwa "Darkest Africa". Afrika iliyo gizani kabisa, eti. Alivichonga Mark Copplestone, na ukishika kimoja utakubali jamaa anaijua kazi yake. Vinakuja bila rangi. Mkuki unaukata mwenyewe kwa waya, unaubandika kwa supa gluu, unapaka rangi, kisha unapanga jeshi lako mezani na kupigana na mwenzako kwa kurusha dadu. Pakiti zimegawanywa kwa makabila: hawa Wamaasai, hawa Wazande, hawa ruga-ruga.

Binamu yangu aliyeko Birmingham alinitumia pakiti mbili, Wamaasai na wapagazi, zikafika Garsen kwa basi la Mombasa. Nina miezi minne nazo, kwa hiyo naongea kama mtu aliyezipaka, si aliyeziona kwa simu.

Na kupaka kwenyewe, bana, ni raha. Brashi nilipata duka la urembo, zile nyembamba za kuchora kucha. Ngozi inapakwa kwa rangi tatu: ya kivuli kwanza, ya kati juu yake, halafu ya mwanga pale jua linapogonga, yaani begani, puani, kwenye magoti. Wiki ya kwanza nilitumia kahawia moja tu na wote wakaonekana kama viatu. Nikaanza kukaa stendi nikiangalia watu. Kiwiko cha mtu wa makanga kina vumbi la kijivu. Shingo ya mzee ina wekundu kwa chini. Mguu wa aliyetoka shamba la mpunga una rangi mbili, na mpaka wake ni tope. Sijawahi kuwatazama watu wa Garsen kwa makini hivyo. Hata kitako cha kisanamu nilikifunika kwa tope la Tana, likakauka na kupasuka vizuri. Wazungu wananunua vikopo vya rangi maalumu ili wapate nyufa kama hizo!

Shida yangu ni meza. Kila mchezo wa aina hii unahitaji kujua adui ni nani kwa kutupa jicho tu, ndiyo maana jeshi hupewa rangi yake. Warhammer 40,000, uliotoka 1987, una majeshi ya sayari za kubuni, kwa hiyo wacha wauane. Lakini pakiti hizi zinatumia watu waliokuwepo. Mwaka 1886 Wamaasai walivamia misheni ya Wamethodisti pale Golbanti, humu humu deltani, wakamuua mmisionari John Houghton na mkewe Annie, pamoja na waumini wenyeji. Mwaka 1890 jeshi la Admirali Fremantle likauchoma mji wa Witu, hapo tu kwenye barabara ya Lamu. Ninaweza kucheza yote mawili jioni moja. Nitakayemkosa ni mwenye nyumba iliyochomwa. Pakiti yake sina.

Wapagazi wapo, ndiyo, na ndio waliochongwa vizuri kuliko wote. Kuna mmoja mgongo umepinda hadi unahisi uzito wa mzigo. Ila hata yeye kaja kwa ajili ya vita vya wengine.

H. G. Wells, aliyeandika *Little Wars* mwaka 1913, alitetea mchezo wa vita kwamba ukishaucheza utaona vita halisi ni upuuzi. Mwaka uliofuata Ulaya ikawaka. Simlaumu kwa hilo, ila hoja yake naikataa kwa sababu nyingine: mezani anayekufa ni askari tu. Agosti 2012, kijijini Riketa, waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanawake na watoto. Septemba kisasi kikafika Chamwanamuma. Hadi mambo yanatulia, waliokufa walikuwa zaidi ya 100. Chanzo, tunasema, ni malisho na maji, Waorma na Wapokomo, mfugaji na mkulima, na siasa ikiwa nyuma. Lakini hawa walikuwa wananunua sukari soko moja. Ili uende kuchoma nyumba ya mtu kama huyo lazima kwanza uwe umempanga kichwani kama pakiti: kabila moja, silaha moja, hana sura. Kazi hiyo ndiyo mfululizo huu unakufanyia tayari, na ndiyo inayonikera, kwa sababu mchongaji yuleyule amempa kila mmoja uso wake.

Watoto wa hapa nao wana visanamu. Wanafinyanga ng'ombe kwa tope la mto, wenye nundu na pembe, wanawapanga mstari, wanawapeleka maji. Vita vikitokea ni vya kugombea nani alifika kisimani kwanza, na ng'ombe hafi. Akikatika mguu anarudishwa tope, anafinyangwa upya.

Wamaasai wangu wawili bado sijawapa mikuki. Kiganja kimechongwa wazi ili kipokee waya, na nimegundua chelewa ya ufagio inaingia mle bila kulazimishwa. Ukiiacha ndefu kidogo kupita mkuki, inakuwa upondo wa kusukumia mtumbwi. Mmoja nimeshamaliza. Wa pili anasubiri gundi ikauke.